Troli moja, vitabu vinne: njia tatu za kuhamisha mazimwi kati ya mifumo

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika kwa kete, mwendesha mchezo (anayeongoza hadithi na kuyachezesha mazimwi) amepata zimwi zuri katika kitabu cha mfumo mmoja, lakini mezani kwake wanacheza mfumo mwingine. Ana njia tatu. Anaweza kugeuza namba moja baada ya nyingine kwa kanuni ya hesabu. Anaweza kulijenga zimwi upya kwa jedwali la mfumo linakokwenda. Au anaweza kuchukua zimwi jingine lililokwishapimwa katika mfumo huo na kulivisha ngozi ya lile analolitaka. Kila njia ina mahali pake, na makosa mengi hutokea pale mtu anapotumia ya kwanza ilhali kazi inadai ya pili.

Mifumo inayolinganishwa hapa ni minne, mitatu ya Dungeons & Dragons na mmoja wa Pathfinder, mchezo wa aina hiyohiyo: D&D ya masanduku ya mwaka 1981, ambayo sheria zake leo husomwa sana kupitia kitabu cha Old-School Essentials kinachoziandika upya; D&D 3.5 ya mwaka 2003; D&D toleo la tano la mwaka 2014; na Pathfinder toleo la pili la mwaka 2019. Kipimo ni troli, lile jitu refu linaloziba majeraha yake lenyewe na kuogopa moto na tindikali, kwa sababu limo katika vitabu vyote vinne. Nikisema kinga, namaanisha namba inayoandikwa AC, ambayo kete ya pande 20 pamoja na nyongeza ya shambulizi lazima iifikie ili pigo lipate. Uhai ni zile pointi za HP, na zikiisha kiumbe anaanguka. Kete za uhai, CR na ngazi ni vipimo vya ukali wa zimwi, kila mfumo na chake.

| | D&D 1981 | D&D 3.5 | D&D toleo la 5 | Pathfinder 2 |
|---|---|---|---|---|
| Daraja | kete za uhai 6+3 | CR 5 | CR 5 | ngazi ya 5 |
| Kinga | 4 (sawa na 15 ya kupanda) | 16 | 15 | 20 |
| Uhai wa wastani | 30 | 63 | 84 | 115 |
| Nyongeza ya shambulizi | +6 | kucha +9, meno +4 | +7 | +14 |
| Madhara ya wastani | 12.5 mapigo yote yakipata | 25.5 yote yakipata, bila kurarua | 29 yote yakipata | kucha 14, meno 16 kwa pigo |
| Kujiponya kwa raundi | 3 | 5 | 10 | 20 |

Tazama safu ya kinga halafu safu ya uhai. Kutoka 1981 hadi toleo la tano kinga imebaki ileile, 15, lakini uhai umekaribia kuzidishwa mara tatu. Kwenye Pathfinder 2 kinga nayo imeruka. Hakuna namba moja ya kuzidisha inayoweza kufuata mienendo yote hiyo kwa pamoja. Toleo la tano liliundwa makusudi ili kinga na nyongeza za mashambulizi zisipande sana, hivyo ukali wa zimwi huonekana kwenye uhai na madhara. Pathfinder 2 huongeza ngazi nzima ya kiumbe kwenye karibu kila namba anayotumia. Hii ni misingi miwili inayopingana.

Hesabu ya moja kwa moja

Njia hii ni nzuri sana kwa mifumo ya damu moja, na hapo sioni sababu ya kutumia nyingine. Katika D&D ya 1981 asiyevaa deraya ana kinga 9, na namba ikishuka ndivyo anavyozidi kuwa mgumu kupigwa. Kupata kinga ya kupanda, itoe namba hiyo kwenye 19: troli la 4 linakuwa 15. Nyongeza ya shambulizi nayo ni 19 kutoa THAC0 (namba ya kete inayohitajika kupiga kinga 0), kwa hiyo THAC0 ya 13 inatoa +6. Katika AD&D (tawi jingine la zamani la mchezo huo) asiyevaa deraya ana 10, basi unatoa kwenye 20 badala ya 19, kote kuwili. Ukichanganya, ukatumia 20 kwa kinga za 1981 na kuacha 19 kwa mashambulizi, kila zimwi kitabuni linakuwa gumu kwa pointi moja, yaani asilimia 5 ya mapigo yote ya wachezaji inapotea bila mtu kujua imekwenda wapi.

Ari ya mapambano, namba inayopima kama zimwi litasimama imara au litakimbia, inahitaji uangalifu zaidi. AD&D toleo la pili hupima ari kwa 2d10 (kete mbili za pande kumi), mfumo wa 1981 kwa 2d6. Zidisha namba ya AD&D kwa 0.6 na upandishe hadi namba kamili inayofuata. Ari 13 inakuwa 8, na uwezekano wa kusimama imara ni asilimia 72 pande zote mbili. Ari 16 inakuwa 10: asilimia 90 upande mmoja, 92 upande wa pili. Kugawa kwa mbili, kama wengi wanavyofanya, kunafanya 16 iwe 8, na jitu ambalo halikimbii ovyo linageuka mwoga.

Kati ya 3.5 na Pathfinder toleo la kwanza la 2009 kazi ni ndogo kuliko hapo. Uhai, kinga na mashambulizi yanaweza kubaki kama yalivyo. Unaongeza namba mbili za kushikana mwili: CMB ni nyongeza ya msingi ya shambulizi, pamoja na ya Nguvu, pamoja na ya ukubwa, CMD ni 10 pamoja na hizohizo pamoja na ya Wepesi. Kwa troli la 3.5 ni 4 + 6 + 1, yaani CMB +11, na CMD 10 + 4 + 6 + 2 + 1, yaani 23. Kisha unaunganisha ujuzi: kujificha na kunyatia vinakuwa kimoja, kusikiliza, kuona na kupekua vinakuwa kimoja. Dakika chache zinatosha, hata ukiwa katikati ya mchezo wachezaji wakinywa chai.

Nje ya ukoo, hesabu inavunjika. Peleka troli la toleo la tano kwenye Pathfinder 2 na namba zake zilezile, kinga 15 na shambulizi +7. Mpiganaji wa ngazi ya 5 huko huwa na shambulizi la kama +16. Atapata kila mara isipokuwa bahati mbaya ya kete ya 1, na kwa kuwa katika Pathfinder 2 kuzidi kinga kwa 10 ni pigo kuu, kila kete kuanzia 9 humpa madhara mara mbili. Hiyo ni asilimia 60 ya mapigo yake. Troli nalo, kwa +7 dhidi ya kinga ya 23, linahitaji 16. Ukienda upande wa pili ukaleta +14 kwenye toleo la tano, linampata mwenye kinga 18 kwa asilimia 85 badala ya 50. Pambano la kwanza linachosha. La pili linaua watu.

Ipo njia ya mkato ya kutoka Pathfinder 2 kwenda toleo la tano: toa ngazi ya kiumbe kwenye kinga na shambulizi. Kinga 20 kutoa 5 ni 15, sawasawa kabisa na kitabu. Shambulizi 14 kutoa 5 ni 9, limezidi kwa 2 tu, basi toa 2 zaidi. Kwa kete za kujiokoa, zile za kuepuka sumu, uchawi na hatari nyingine, mkato huu haufai. Troli la Pathfinder 2 lina +17 kwa ustahimilivu. Ukitoa 5 inabaki +12, ambapo la toleo la tano lina +5 tu. Zichukue kutoka kwenye uwezo wa mwili wa zimwi lenyewe katika mfumo unaouendea.

Na kwa anayetoka 1981 kwenda toleo la tano: uhai unaweza kuzidishwa, madhara hayawezi. Zimwi la aina ya ogre lilikuwa na wastani wa 19, sasa lina 59. Jitu la vilimani lilikuwa na 36, sasa 105. Troli 30, sasa 84. Yote yako karibu na mara tatu. Lakini madhara ya goblini yamepanda kutoka 3.5 hadi 5, ya ogre kutoka 5.5 hadi 13, na ya jitu la vilimani kutoka 9 hadi 36 kwa mapigo mawili. Hiyo ni mara moja na nusu, mara mbili na kitu, na mara nne. Yeyote anayekuuzia kipimo kimoja cha kuzidisha madhara hakulinganisha mazimwi ya ngazi tofauti.

Kujenga upya kwa jedwali

Hapa unasahau namba za zamani. Unaamua zimwi litapambana na kikosi cha ngazi gani, unafungua jedwali la mfumo mpya, unachukua namba za ngazi hiyo, kisha unasogeza zinazolipa zimwi tabia yake.

Kitabu cha mwendesha mchezo cha toleo la tano, cha 2014, kina jedwali la namba kwa kila CR. Kwa CR 5 kinatoa kinga 15, uhai 131 hadi 145, shambulizi +6, madhara 33 hadi 38 kwa raundi. Ukiliweka troli la kitabu pembeni, uhai wake wa 84 unaonekana umepungua mno. Jibu liko kwenye kanuni za jedwali lenyewe. Kujiponya huhesabiwa mara tatu kwenye uhai: 84 + 30 ni 114, ambao ni uhai wa CR 3. Kinga ya kawaida ya CR 3 ni 13. Troli lina 15, imezidi kwa 2, kwa hiyo upande wa ulinzi unapanda hadi CR 4. Upande wa shambulizi, madhara 29 ni ya CR 4, na nyongeza ya kawaida hapo ni +5. Troli lina +7, linapanda hadi CR 5. Wastani wa 4 na 5 ni 4.5, unapandishwa: CR 5. Ukiweza kufuata hesabu hii kwa zimwi moja, unaweza kuifanya kwa lolote. Kitabu cha 2024 kimeliondoa jedwali hilo na kumwelekeza mwendesha mchezo abadilishe mazimwi yaliyopo, kwa hiyo mwenye nakala ya 2014 asiitupe.

Udhaifu wa jedwali hilo ni kwamba linazaa mazimwi yenye uhai mwingi na madhara ya wastani, na pambano linaburuta. Nashauri uhai uwe chini ya safu kwa robo moja hivi na madhara yawe juu kidogo. Troli lenyewe lina uhai ulio chini ya safu, ingawa madhara yake nayo yako chini.

Majedwali ya Pathfinder 2 ni bora zaidi, na hilo nalisema bila kusita. Kila namba imegawanywa kwa viwango: kilele, juu, wastani, chini. Kwa ngazi ya 5 kinga ni 25, 22, 21 au 19. Shambulizi ni 17, 15, 13 au 11. Uhai wa juu ni 91 hadi 97, wa wastani 72 hadi 78, wa chini 53 hadi 59. Kete za kujiokoa ni 17, 15, 12, 9, na 7 kwa udhaifu mkubwa. Sasa lisome troli kwa macho hayo. Ustahimilivu +17: kilele. Utashi +7: chini kabisa. Kinga 20, katikati ya wastani na chini. Uhai 115, juu hata ya kiwango cha juu, kwa sababu moto unalidhuru kwa pointi 10 za ziada na unazima kujiponya. Tabia nzima ya jitu lenye mwili mgumu na akili nyepesi imeandikwa kwa kuchagua safu. Unapohamisha zimwi lako, andika kwanza sifa yake moja ya kilele na moja ya udhaifu, mengine yote yaweke wastani. Ukiipa kila sifa kiwango cha juu, umejenga kiumbe cha ngazi ya juu zaidi na kukiandika 5.

Ngazi zenyewe nazo hazina maana moja. CR 5 ya 3.5 ni zimwi moja linalotosha kuwapa watu wanne wa ngazi ya 5 pambano la haki, likila takriban asilimia 20 ya nguvu zao. Katika Pathfinder 2 kiumbe wa ngazi sawa na kikosi ana thamani ya pointi 40 za uzoefu, na pambano la kawaida la watu wanne ni pointi 80. Troli moja la ngazi ya 5 mbele ya kikosi cha ngazi ya 5 ni jambo dogo. Ukitaka lisimame peke yake kama lilivyosimama katika 3.5, lipandishe hadi ngazi ya 7, ambako thamani yake ni 80. Ukitaka liwe bwana wa pango, ngazi ya 8, pointi 120.

Idadi ndiyo inayosahaulika zaidi. Kitabu cha 1981 kinasema troli hutokea 1d8. Chukua manne, yapeleke toleo la tano: kila moja ni pointi 1,800, jumla 7,200, na kwa kuwa ni matatu hadi sita unazidisha mara mbili, 14,400. Mpaka wa pambano la hatari ya kifo kwa watu wanne wa ngazi ya 5 ni 4,400. Zaidi ya mara tatu. Katika mfumo wa 1981 wachezaji walitarajiwa kukimbia, kuhonga au kuzunguka, na kikosi mara nyingi kilikuwa na askari wa kukodiwa. Ukihamisha zimwi bila idadi yake, umehamisha nusu ya kazi.

Kuvisha ngozi

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi lililopimwa na maelfu ya meza katika mfumo wako lina makosa machache kuliko lolote utakalolijenga Ijumaa jioni. Unatafuta moja lenye CR inayokaribiana na unayoitaka, isizidi tofauti ya moja, na linalopigana kwa namna ileile: la kurukia, la kurusha kwa mbali, la kushika na kubana. Namba zote zinabaki. Unabadilisha sura, aina ya madhara, namna ya kutembea, na uwezo mmoja tu wa pekee. Ukifikia kubadilisha uwezo wa tatu, rudi kwenye jedwali, maana sasa unajenga.

Mfano: unataka mjusi wa pangoni mwenye kucha za kupoozesha. Katika toleo la tano, mla maiti wa CR 1, yule anayeitwa ghoul, ana kinga 12, uhai 22, na kucha zinazopooza kwa kete ya kujiokoa ya 10. Mchukue. Lakini ukibadilisha aina kutoka mfu anayetembea kuwa mnyama, unabadilisha zaidi ya sura. Kasisi hawezi tena kumfukuza kwa nguvu ya imani. Uwezo wake wa kutodhurika na sumu hauna sababu ya kuwepo, uondoe. Elfi nao hawana tena salama yao dhidi ya kupooza, kwa sababu ile ilikuwa ya mla maiti. Pitia mistari ya kutodhurika na ya udhaifu mmoja mmoja kila unapogusa aina. Hapo ndipo ngozi huchanika.

Njia hii inachukua dakika tano, dhidi ya nusu saa ya jedwali. Kwa zimwi litakalotokea mara moja na kufa, sioni haja ya nyingine. Kwa adui mkuu wa kampeni haifai: mchezaji mzoefu atatambua mapigo ya kiumbe anayemjua ndani ya raundi mbili.

Uwezo wa pekee, penye kazi halisi

Njia yoyote uliyochagua, uwezo wa pekee hauna jedwali. Swali la kuuliza ni moja: mezani, uwezo huu uliwafanya wachezaji wafanye nini?

Rudi kwa kujiponya kwa troli. Kwa sehemu ya uhai, ni asilimia 10 mwaka 1981, 8 katika 3.5, 12 katika toleo la tano, 17 katika Pathfinder 2. Namba zinakaribiana, lakini kinachotokea ni tofauti. Mwaka 1981 kujiponya huanza raundi tatu baada ya jeraha, na pambano lenyewe mara nyingi limekwisha kwa wakati huo. Kitisho chake kiko baadaye: troli lililoanguka huinuka tena baada ya raundi 2d6, wachezaji wakiwa wameanza kupekua hazina. Katika 3.5 madhara yote isipokuwa ya moto na tindikali hulizimisha tu, hayaliui. Katika toleo la tano moto au tindikali huzima kujiponya kwa zamu inayofuata, na troli hufa tu likianza zamu likiwa na sifuri bila kujiponya. Ukitaka ladha ya 1981 ndani ya toleo la tano, punguza kujiponya hadi 5 na uandike kwamba mwili usiochomwa huamka baada ya raundi 2d6 na nusu ya uhai. Hiyo ndiyo iliyowafanya watu wabebe mafuta ya taa na mienge.

Mfano mgumu zaidi ni yule kiwavi mkubwa mla mizoga. Mwaka 1981 ana mikono minane ya kupoozesha, na kila mmoja unapiga kila raundi. Uhamishe hivyo hivyo kwenye toleo la tano: mapigo manane, tuseme manne yanapata, kila moja linadai kete ya kujiokoa ya 13. Mwenye nyongeza ya +2 anafaulu nusu ya mara. Kufaulu zote nne ni asilimia 6. Raundi ya kwanza mtu ameshapooza. Katika Pathfinder 2 hata huwezi kuyapiga yote, kwa kuwa kiumbe ana vitendo vitatu na kila shambulizi linalofuata linapungua nguvu. Waandishi wa toleo la tano waliikusanya mikono yote kuwa pigo moja la +8, kete moja ya kujiokoa, na nafasi ya kurudia kete hiyo kila mwisho wa zamu. Ifuate kanuni hiyo kwa kila zimwi lenye mapigo mengi: pigo moja lenye uhakika mkubwa badala ya manane ya kubahatisha.

Muda wa kupooza una mtego wake. Kitabu cha 1981 kinaandika kwamba kupooza hudumu "zamu" 2d4, na zamu hiyo ni dakika 10. Raundi yake ni sekunde 10. Ya toleo la tano na ya Pathfinder 2 ni sekunde 6, na zamu kwao ni nafasi ya mtu mmoja ndani ya raundi. Kunakili "zamu 5" bila kufikiri kunageuza dakika 50 kuwa nusu dakika. Masafa nayo, katika mfumo wa 1981, ndani ya pango hupimwa kwa futi na nje kwa yadi. Anayechora ramani kwa mita ahesabu mraba wa futi 5 kuwa mita 1.5, na mwendo wa futi 30 kuwa mita 9.

Sumu ya kuua papo hapo, ambayo mifumo ya zamani iliitumia bila huruma, usiihamishe kama ilivyo. Toleo la tano lina mfano mzuri kwa Medusa: anayeshindwa kete kwa 5 au zaidi anageuka jiwe mara moja, aliyeshindwa kidogo anaanza kukakamaa na anapata nafasi nyingine. Hatua mbili. Wachezaji wanaona kifo kinakuja na wana zamu moja ya kufanya jambo. Kunyonya ngazi za mhusika, kama mizuka ya 1981 ilivyofanya kwa kila pigo, katika toleo la tano kunakuwa kupunguza kilele cha uhai, na katika Pathfinder 2 kunakuwa hali ya kudhoofika inayopungua kwa mapumziko.

Kuhusu silaha za uchawi: mnyama wa mawe wa 1981, gargoyle, haguswi kabisa na chuma cha kawaida. Katika 3.5 anapunguza kila pigo kwa 10 isipokuwa silaha iwe ya uchawi, katika toleo la tano madhara ya chuma cha kawaida yanagawanywa kwa mbili. Ukitoka mpya kwenda zamani, hakikisha kikosi kina angalau silaha moja ya uchawi kabla ya kumweka mlangoni, la sivyo umejenga ukuta.

Mifumo ya mbali

Kwa Call of Cthulhu, Savage Worlds au Dungeon World, usijaribu hesabu hata kidogo. Katika Call of Cthulhu toleo la 7 uhai ni mwili pamoja na ukubwa, gawanya kwa 10. Binadamu ana kama 11, na jitu lenye mwili 115 na ukubwa 130 litakuwa na 24. Litatisha ipasavyo, na uhai wake wa zamani haukuingia popote kwenye hesabu. Savage Worlds huuliza kwanza kama kiumbe ni mhusika mkuu mwenye majeraha matatu au wa kundini anayeanguka kwa moja, na uamuzi huo una uzito kuliko namba yoyote. Chukua wazo la zimwi, sifa yake ya kilele na udhaifu wake, uanze upya.

Chagua hivi

1981 na AD&D, upande wowote: hesabu. 3.5 kwenda Pathfinder ya kwanza: hesabu. 3.5 au 1981 kwenda toleo la tano: tazama kwanza kama zimwi lenyewe limo tayari katika kitabu cha mfumo mpya, kwa sababu mengi yamo, kama halimo na ni la pambano moja, ngozi, kama ni adui wa kudumu, jedwali. Kwenda Pathfinder 2 kutoka popote: jedwali, hata ukiwa na haraka, maana huko kosa la pointi 2 kwenye kinga hugusa mapigo ya kawaida na mapigo makuu kwa pamoja. Pointi za uzoefu usizihamishe kamwe. Chukua za mfumo mpya.

Ukitaka kuchapisha ulichohamisha, sheria za msingi za toleo la tano, hati ya SRD 5.1, zimekuwa chini ya leseni ya Creative Commons BY 4.0 tangu Januari 2023: unatumia, unataja chanzo, basi. Pathfinder 2 iliyorekebishwa iko chini ya leseni ya ORC. Baadhi ya mazimwi mashuhuri ya D&D, wakiwemo beholder, mind flayer na huyo kiwavi mla mizoga, hayana takwimu zake kwenye SRD. Mezani kwako yatumie upendavyo, ila katika kitabu cha kuuza usiyaweke.

Kabla ya kikao, lijaribu zimwi kwa karatasi raundi tatu. Chukua madhara ya wastani ya kila mchezaji, zidisha kwa uwezekano wa kupata, jumlisha. Kikosi cha wanne katika toleo la tano kinachotoa 12 kila mmoja kinafikisha 48. Troli la 84 linabaki na 36, linajiponya hadi 46, na raundi ya pili linaanguka: kujiponya kumeliongezea 10 tu. Zimwi la peke yake likianguka kabla ya raundi ya tatu, ongeza uhai kwa theluthi au uliletee mwenzake. Likifika ya sita bado limesimama, punguza uhai na uache madhara kama yalivyo. Kisha fanya hesabu hiyohiyo kwa upande wake: mapigo yake yakimwangusha mhusika mzima kwa zamu moja kwa kete ya kawaida, gawanya pigo hilo kuwa mawili.